Pete ya Njia Moja

Juzi nilienda nyumbani Nyaramba kumjulia hali mama, na wakati wa kurudi nikapitia shule yetu ya msingi. Sikuwa na shughuli huko. Nilitaka tu kuuona ule mkaratusi uliokuwa mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Mkaratusi upo, tena umenenepa, lakini kipande cha reli kilichokuwa kikining'inia kwenye tawi lake hakipo. Mlinzi aliniambia siku hizi kengele ni ya umeme, inalia yenyewe, na kile chuma kilichukuliwa na watu wa vyuma chakavu kabla yeye hajaajiriwa. Akaniuliza kama kuna shida. Nikamwambia hakuna, nikaenda zangu. Shida ilikuwepo, ndugu yangu, ila si ya kumweleza mlinzi. Kipande kile cha reli nilikionea wivu utoto wangu wote, na sasa kimekwenda kabla sijamalizana nacho.

Wewe unajua kwamba huku kwetu Gusii reli haijawahi kufika. Wakubwa wakija kuomba kura husema itakuja, sisi tunapiga makofi, wanaondoka na reli yao mdomoni. Vilima vyetu ni vya chai na migomba, na mizigo yetu yote hupanda lori pale Keroka. Mtoto wa enzi zangu aliijua treni kwa picha ya kitabuni: kichwa cheusi, moshi, na mstari wa chini kwamba T ni ya treni. Basi. Isipokuwa mtoto mmoja tu, naye alikuwa jirani yangu.

Baba yake alikuwa gadi wa treni ya mizigo. Hakuwa kwenye njia kubwa ya kwenda Nairobi, bali kwenye lile tawi dogo linalotoka Kisumu kwenda Butere, reli fupi ya kubeba mahindi, mbolea, sukari na mafuta ya taa. Kazi yake ilikuwa kukaa katika behewa la mwisho kabisa, na bendera yake nyekundu na ya kijani, kuangalia kwamba mabehewa yote bado yako pamoja, na kusimamia lipi liachwe stesheni gani na lipi lifungwe nyuma ya lingine. Alikuja nyumbani mara moja moja, siku ya Ijumaa kabla jua halijatua ili Sabato imkute amekwisha kuoga. Alishuka barabarani na kofia yake, mfuko wa samaki wa kukaushwa begani, na harufu ya dizeli ambayo sabuni haikuitoa. Watoto wote wa kijiji walimkimbilia. Mimi nilikuwa mmoja wao, na nilikimbia kwa hasira, kwa sababu nilijua kwamba tukifika, atakayepewa kofia kuvaa ni binti yake.

Huyo binti wa gadi tulikuwa rika moja. Tulichota maji mto mmoja, tukakaa dawati moja. Nilimpenda, usije ukadhani sivyo. Lakini siku baba yake alipokuja na kile kipande cha reli juu ya basi, zawadi kwa shule iliyokuwa ikigonga rimu ya gari iliyopasuka, upendo ule ulipata ufa. Wanaume walikibeba kama jeneza. Mwalimu mkuu akakitundika kwenye mkaratusi, akaamua palepale kuwa mwenye chuma ndiye atakayekigonga. Kuanzia hapo kila asubuhi binti wa gadi alisimama chini ya mti na msumari mnene wa reli mkononi, akagonga, na mlio ule ukaenda mpaka ng'ambo ya mto, wanawake wakaacha kuchuma chai kidogo wakasema watoto wameingia darasani. Mimi nilikuwa kwenye mstari, mikono nyuma, nikiomba siku moja apate mafua. Mafua hayagusi mkono, nilikuja kugundua baadaye. Alipougua aligonga vilevile huku anapiga chafya. Mwalimu wetu wa Kiswahili alinitazama usoni siku moja, akasema mbele ya darasa zima kwamba wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Nilikuwa nimekonda tayari.

Lakini chuma hakikuniumiza kama hadithi. Shule zikifungwa, binti wa gadi alifungiwa nguo zake katika kitambaa, mama yake akamsindikiza mpaka Keroka, akapanda gari la kwenda Kisii mjini, na kijiji kikasema mtoto amekwenda kwa baba yake kwenye reli. Akirudi alikuwa ameiva kwa maneno. Tulikaa jikoni kwa bibi yangu tukichambua chinsaga, ile mboga chungu ambayo bibi aliichemsha kwa maziwa jioni nzima mpaka ikalainika, na yeye akasimulia. Alisema treni ya mizigo haina haraka, hata ng'ombe akilala kwenye reli dereva hupiga honi na kungoja ng'ombe afikirie. Alisema stesheni masta ana simu ya kuzungushwa mkono. Alisema wanawake huleta njugu na ndizi mpaka dirishani kwa gadi, na ndizi zenyewe si tamu kama zetu. Akasema pale Maseno, panapopita ikweta, dunia imekatika katikati, na treni ikipita juu ya huo mkato unasikia behewa linaruka kidogo, kana kwamba limekanyaga kamba. Niliacha kuchambua mboga. Nilitaka kulia. Mimi nilikuwa sijafika hata Kiogoro, hapo tu karibu na Kisii mjini, na mwenzangu alikuwa amerushwa na katikati ya dunia.

Bibi yangu, magokoro kama tunavyosema kwa Kigusii, alisikiliza yote hayo huku akigeuza ugali wa wimbi.

Baba yangu mimi alikuwa mtu wa chai. Aliondoka na ukungu, akarudi na kikapu, akanawa miguu, akala, akalala. Alikuwa nyumbani siku zote, na kwa sababu hiyo sikuwahi kumkimbilia. Utamkimbiliaje mtu ambaye hajaenda mahali?

Tukaanza kucheza treni. Njia yetu ilikuwa ile ya wachumaji katikati ya chai, nyembamba, ya mtu mmoja, kutoka banda la kupimia majani mpaka mtoni. Ndugu zangu wadogo walikuwa mabehewa ya mahindi. Binti wa gadi alikuwa dereva, na gadi, na stesheni masta, kwa sababu yeye ndiye aliyejua sheria. Mimi siku zote nilikuwa behewa la mbolea. Nilipolalamika alinieleza jambo moja ambalo mpaka leo sijalisahau. Alisema reli ya baba yake ni njia moja tu, treni haziwezi kupishana, kwa hiyo kuna pete kubwa ya chuma. Stesheni masta humpa dereva pete ile ndipo aingie njiani. Asiye na pete hasogezi hata gurudumu. Akifika stesheni ya mbele anaitoa, na dereva mwingine anayengoja anaipokea. Aliye na pete ndiye mwenye njia. Na mimi, akasema, sina pete.

Nilikwenda jikoni nikakaa nyuma ya mlango. Bibi aliniuliza nani amenipiga. Nikamwambia hakuna, nimekosa pete. Nikamweleza yote huku nalia, habari ya njia na stesheni na mbolea, naye akanisikiliza kwa makini kuliko hadithi zote za binti wa gadi. Kisha akanyanyua mkono ukutani, juu ya meko, akachukua moja ya pete zake.

Hizo zilikuwa ebitinge. Moja huitwa egetinge. Ni pete nyembamba za chuma ambazo mwanamke wa Kigusii wa zamani alivalishwa miguuni siku ya kuozwa, na hakuzivua maadamu mumewe yu hai, kwa maana kuzivua ni sawa na kusema nimeondoka. Bibi alipobatizwa, watu wa kanisa walimwomba azivue, akatii. Lakini alimwambia babu kwamba amezivua miguuni tu. Akazitundika jikoni zikale moshi, na hakuna aliyethubutu kuzigusa. Sasa alinitia moja mkononi.

"Kama ni pete ya kutoa njia," akasema, "hii ilitoa njia kabla ya treni yao. Nenda. Uirudishe."

Sijui nikuelezee vipi mchana ule. Nilishuka kwenye chai na egetinge mkononi na binti wa gadi akaiona, akasimamisha treni yake. Kwa mara ya kwanza nilikuwa stesheni masta. Nilisimama mtoni nimeinyoosha, yeye akaja mbio na mabehewa yake, akapitisha mkono katikati ya pete bila kusimama, kama wafanyavyo madereva wa kweli, akaenda nayo mpaka bandani. Halafu tukabadilishana, mimi nikaendesha. Chuma kilikuwa cha baridi na kilinuka moshi na samli. Nilijiona nimefika Butere.

Ilikuwa Ijumaa. Gadi alikuwa amefika mapema, amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake na kikombe cha chai na redio, akitutazama na kutabasamu. Mkewe alikuwa anatoka shambani na kikapu kimejaa majani mgongoni. Alikutana nasi pale njia inapopita karibu na uwanja wao, wakati binti yake ananinyooshea pete na mimi naikimbilia. Akasimama.

Akauliza kwa sauti ya chini nani ametupa egetinge ya watu tuipokezane. Tulisema ni bibi. Akasema egetinge haitoki kwa mwanamke mmoja ikaenda kwa mwingine, hata kwa mchezo. Gadi akacheka pale alipokaa. Alimwambia mkewe asiwatishe watoto, wanacheza treni. Tena wanacheza sawasawa, akasema kwa fahari, kwani ndivyo ilivyo kazini: njia ni moja, na aliye na pete ndiye mwenye njia.

"Na mwingine?" mkewe akauliza.

"Mwingine anangoja."

"Na akiingia bila pete?"

"Haingii. Hiyo ni ajali, watu watakufa."

Mke wa gadi alishusha kikapu chake polepole, akakiweka chini. Hakuwa amepandisha sauti.

"Basi yule wako wa stesheni aliingiaje?"

Gadi alitazama ndani ya kikombe. Redio iliendelea kuimba peke yake mpaka aliponyoosha mkono akaizima. Ndugu zangu, mabehewa ya mahindi, wakatawanyika. Mimi sikuelewa kitu. Nilidhani wanazungumza habari ya treni, na wivu wangu ukapanda upya kwamba hata mama mtu anajua mambo ya reli kiasi hicho. Tulipokwenda kuchota maji nilimuuliza binti wa gadi ni treni gani iliyoingia stesheni bila pete. Akasema hajui, atamuuliza baba yake.

Egetinge haikurudi kwangu. Mke wa gadi aliivaa mkononi akaileta mwenyewe kwa bibi jioni ile, kabla Sabato haijaingia. Walikaa jikoni wawili, mlango umefungwa, nami nikafukuzwa kwenda kuwafungia kuku. Nilisikia mke wa gadi akisema yeye hakuvalishwa, zamani zake desturi ilikuwa imekwisha, hana cha kuvua wala cha kuonyesha. Sikumsikia bibi. Mke wa gadi alipotoka alikuwa bado na pete mkononi. Nilimuuliza bibi mbona mali yetu inaondoka. Akaniambia kuna watu wanaihitaji kuliko behewa la mbolea. Nikakasirika siku nyingi. Nyumba ile ilikuwa na treni, ilikuwa na chuma cha shule, na sasa ikachukua na pete yangu. Nilipopita nikaiona imetundikwa juu ya mlango wao, kwa ndani, mahali ambapo kila anayeingia huinamisha kichwa chini yake.

Binti wa gadi aliendelea kwenda likizo na kurudi na hadithi, nami niliendelea kukonda. Kisha tukakua kama watu wanavyokua, bila kuagana. Bibi akatutoka. Gadi akastaafu, akarudi kabisa, akakaa kwenye kigoda kilekile miaka yake iliyobaki, na siku ya mazishi yake akaja mwanamke mgeni kutoka upande wa reli na watoto wake wakubwa wenye pua ya gadi, wakasimama nyuma kabisa chini ya migomba. Ndipo nilipoielewa ile Ijumaa. Mke wa gadi aliwapelekea viti. Naye alimfuata mumewe baada ya muda.

Sasa nirudi kwenye safari yangu ya juzi. Kutoka shuleni niliteremka mpaka Keroka, na badala ya kupanda gari moja kwa moja nikaingia dukani kwa binti wa gadi. Anauza sare za shule, duka lake linatazama barabara, na malori yakipita sweta zote zinatikisika kwenye waya. Alinikalisha, akaniagizia chai. Nikamwambia kile chuma kimeuzwa. Alicheka, akasema mkono wake ulikuwa unauma kila asubuhi kwa mtikisiko wake na aliogopa kumwambia mwalimu. Basi nikaona niseme, kwa kuwa sote wawili tuna mvi. Nikamwambia nilimwonea wivu kwa ajili ya kile chuma, na zaidi kwa ajili ya treni, kwamba aliiona na mimi sikuiona, na kwamba mpaka leo nikisikia neno Maseno naumwa na tumbo.

Alinitazama, kisha akaangalia barabara.

"Mimi sijawahi kuiona," akasema.

Nikadhani ananitania.

"Mama alikataa nisikanyage ile stesheni. Likizo nilikuwa Kiogoro, kwa mama mdogo, napalilia migomba. Aliniambia nikirudi nisiwaambie watu."

Nikamuuliza, na ng'ombe aliyelala kwenye reli? Na simu ya kuzungushwa? Na Maseno?

"Yote ni ya baba. Akija, usiku baada ya maombi ananiita pale nje kwenye kigoda, ananisimulia moja moja, nisijione nimekosa. Kisha mimi nakuletea wewe."

Hapo ndipo ungetarajia kidonda changu kipone. Kiogoro! Mimi naishi Kiogoro sasa. Migomba ile naipita kila asubuhi nikienda kazini. Kumbe miaka yote nilimwonea wivu mtoto aliyekuwa ameinama na jembe mahali ninapoanika nguo zangu. Nilicheka na yeye akacheka, mpaka machozi. Lakini kicheko kilipokwisha nikaona kwamba wivu haujaondoka, umehama tu, na sasa umekaa mahali pake. Baba yangu alininunulia viatu, alinisomesha, hakunipiga kwa ulevi, simlaumu kwa lolote. Ila natafuta jioni moja aliyoniita nje akaniambia kitu kwa sababu tu nimekikosa, siioni. Yeye alikuwepo kila siku. Yule wa treni alikuja mara moja moja, na makosa yake yote, na akaketi.

Nadhani binti wa gadi aliyasoma hayo usoni mwangu, kama yule mwalimu wetu. Aliinuka akaenda nyuma ya kaunta, ambako picha ya mama yake imetundikwa, na kwenye msumari huohuo, chini ya picha, ilikuwa egetinge. Akaitungua, akaifuta vumbi kwa shati la sare.

"Mama alisema ni ya magokoro wako. Nikikuona nikupe. Nami nikawa najifanya nimesahau."

Hakunikabidhi kama watu wanavyokabidhiana vitu. Aliinyoosha kwa mkono mmoja juu ya kaunta, mbali na mwili, kama stesheni masta. Nikainuka na mikoba yangu na umri wangu, nikapitisha mkono katikati ya pete, nikaendelea mpaka mlangoni bila kusimama. Mteja mmoja aliyekuwa akipima sweta alinipisha.

Sasa imetundikwa jikoni kwangu, ingawa jiko langu ni la gesi na haitakula moshi tena. Naiangalia nikipika. Watu husema ile reli ndogo bado ipo, naweza kwenda hata kesho, ni mwendo wa asubuhi tu. Siendi. Naogopa nitapita Maseno na behewa lisiruke. Na ile njia yetu ya katikati ya chai nayo imekwisha: ndugu zangu wale wa mahindi waling'oa chai, wakagawana shamba, kila mmoja akajenga. Kwa sheria ya gadi, aliye na pete ndiye mwenye njia. Pete ninayo mimi, hakuna wa kunizuia, na hakuna tena anayengoja upande wa pili.